Barua Ipo, Ila Umeitafuta Kwingine

Mtu mwenye baruapepe elfu arobaini huwa na malalamiko mawili, na kwa kawaida huyatoa pamoja. Akitafuta, hapati kitu. Akitafuta, anapata vitu vingi mno. Dawa inayomjia kichwani haraka ni kupanga: anakaa mwisho wa wiki mzima, anafungua folda sitini, anagawa kila barua mahali pake hadi macho yanamuuma. Haupiti muda mrefu, folda zimeanza kuchanganyika, kikasha kimejaa upya, na ile barua iliyomfanya aanze kazi yote hiyo bado hajaiona.

Kwa maoni yangu, dawa hiyo inatibu ugonjwa mwingine. Barua nyingi zinazodaiwa kupotea hazikupotea kwa kukosa folda. Hazionekani kwa sababu kisanduku cha kutafutia kilikuwa kikiangalia sehemu moja ilhali barua imekaa sehemu nyingine, au kimepewa neno ambalo, kwa macho ya programu, halimo ndani ya barua ile. Kwa hiyo kabla ya kugusa folda hata moja, ni heri kujua mambo mawili: barua zako zinakaa wapi hasa, na programu yako inafanya nini inapoambiwa itafute.

Zinakaa wapi?

Swali linaonekana la kitoto, lakini mwenye akaunti ya miaka mingi mara nyingi hana jibu moja. Itifaki ya POP, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, ilichukulia kwamba mtu ana kompyuta moja tu: programu inaingia kwenye seva, inashusha barua mpya, na kwa mipangilio iliyozoeleka zamani inazifuta kule ilikozitoa. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Stanford, ilichukua njia nyingine. Barua na folda hubaki kwenye seva, na kila kifaa kinachoingia kinakuta hali ileile.

Tofauti hiyo bado inawasumbua watu leo. Ikiwa ulitumia POP kwenye kompyuta ya mezani kwa miaka kadhaa kisha ukahamia simu, barua za miaka ile huenda zipo kwenye diski ya kompyuta ile peke yake. Ulizoandika wewe ndizo hasa, maana POP haina njia ya kurudisha kwenye seva nakala za barua ulizotuma. Nusu nzima ya mazungumzo ya kipindi hicho, upande wako, haikuwahi kuwa kwingine. Uandike neno gani kwenye simu, halitaileta.

Wenye IMAP nao wasijisifu mapema. Programu nyingi hazishushi kila kitu. Outlook ikiunganishwa na akaunti ya Exchange, seva ya barua ya Microsoft, mara nyingi huja ikiwa imewekwa itunze kwenye kompyuta barua za miezi 12 ya mwisho, na kwenye mipangilio ya akaunti kuna kitelezi cha kusogeza hadi barua zote. Programu za simu hutunza kidogo zaidi: wiki chache, pengine siku chache. Unapotafuta, matokeo ya kwanza hutoka kwenye kile kilichopo kifaani, kisha chini kabisa ya orodha huwa kuna kiungo cha kuendelea kutafuta kwenye seva. Wengi hawafiki huko chini. Wanaona barua tatu za mwezi uliopita, wanaamini hizo ndizo zote, wanamwandikia mtumaji: "Samahani, naomba unitumie tena."

Halafu ikaja Gmail, tarehe 1 Aprili 2004, na gigabaiti moja ya nafasi wakati Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Nafasi ndiyo iliyozungumzwa sana, lakini badiliko kubwa lilikuwa la mpangilio. Gmail haina folda, ina lebo. Folda ni mahali: barua ikiwa hapa haiko pale, na ukiitaka sehemu mbili lazima uitengenezee nakala ya pili. Lebo ni alama tu. Barua moja inaweza kubeba lebo tano na bado ikawa barua moja, imelala mahali pamoja panapoitwa Barua Zote.

Mkanganyiko huanza pale lebo zinapotazamwa kupitia programu ya IMAP kama Thunderbird. IMAP haijui lebo, inajua folda, kwa hiyo kila lebo huonyeshwa kama folda. Barua yenye lebo mbili huonekana folda mbili, halafu inaonekana tena kwenye Barua Zote. Mtu anaona nakala tatu, anaanza kufuta "marudio", anashangaa mbona hazipungui. Isipokuwa programu ikiihamishia Tupio, kufuta barua kutoka kwenye folda ya aina hiyo kwa kawaida huondoa lebo tu, barua yenyewe hubaki. Anayetaka kunakili akaunti yake yote ya Gmail kwenye diski kwa njia ya IMAP achukue Barua Zote peke yake, la sivyo atajaza diski kwa kitu kilekile mara tatu.

Jambo la mwisho kuhusu mahali, nalo ndilo linalowanasa watu wengi kuliko yote: Taka na Tupio. Gmail inapotafuta kwa kawaida huziruka sehemu hizo mbili. Barua iliyodhaniwa kuwa taka, au uliyoifuta kwa kidole kilichoteleza, haitatokea hata ukiandika kichwa chake neno kwa neno. Andika in:anywhere pamoja na neno lako, na utafutaji utapita kote. Fanya mapema, maana Tupio la Gmail hujisafisha lenyewe baada ya siku 30.

Programu inapotafuta, inatafuta nini?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kusoma kila barua, moja baada ya nyingine, kuangalia kama neno limo. Ni njia ya uhakika, ila barua zikifika makumi ya maelfu inachosha hata mashine. Ya pili ni kuandaa faharasa mapema, kama ile iliyo mwisho wa kitabu: kila neno na orodha ya barua lilimoonekana. Ukiuliza, programu haifungui barua hata moja. Inatazama faharasa, na jibu linakuja papo hapo.

Ubaya wa faharasa ni kwamba ikiwa haijakamilika haikwambii kwa sauti. Umesakinisha programu jana, umeingiza barua za miaka minane, umefunga kompyuta kabla kazi ya kuorodhesha haijaisha. Leo unatafuta na unapata majibu machache yanayoonekana ya kawaida kabisa. Outlook ya kawaida (classic) kwenye Windows hutegemea faharasa ya Windows yenyewe, na kwenye zana zake za utafutaji unaweza kuona bado vipengee vingapi havijaorodheshwa. Thunderbird ina faharasa yake katika faili liitwalo global-messages-db.sqlite. Ukiona matokeo yana mapengo, funga programu, ondoa faili hilo, fungua tena. Itajengwa upya bila kugusa barua. Ikumbukwe pia kwamba Thunderbird ina sehemu mbili za kutafutia zinazofanana sura: moja hupita akaunti zote kwa kutumia faharasa, nyingine ni kichujio cha haraka kinachoangalia folda iliyofunguliwa tu. Malalamiko mengi juu ya programu hiyo yanatokana na kuandika kwenye kisanduku kisicho chenyewe.

Outlook nayo ina menyu ndogo kando ya kisanduku, ya kuchagua folda hii, folda hii na zilizo ndani yake, kisanduku chote cha barua, au visanduku vyote. Ukiwa ndani ya folda isiyo kikasha, mara nyingi chaguo huwa limesimama kwenye upeo mdogo. Ibadilishe kwenye mipangilio, usiikumbuke kila siku.

Hapa ndipo folda sitini zinapoanza kudai gharama yake. Amri ya kutafuta katika IMAP hufanya kazi ndani ya folda moja iliyofunguliwa kwa wakati ule. Nyongeza ya kuuliza folda nyingi kwa mkupuo ilisanifiwa mwaka 2014, lakini si kila seva imeiweka. Kwa hiyo programu isiyo na faharasa yake, ikiambiwa itafute kila mahali, inalazimika kufungua folda ya kwanza, kuuliza, kufunga, kwenda ya pili, hadi ya sitini. Aliyegawa barua zake vipande vidogo ili azipate upesi amejiongezea safari.

Kisha kuna suala la maneno, na Kiswahili kina taabu yake hapa. Maneno ya Kiingereza hubadilika zaidi mwishoni, ndiyo maana programu kadhaa, Outlook ikiwemo, hulinganisha mwanzo wa neno: ukiandika herufi za kwanza, huleta yote yanayoanza nazo. Kitenzi cha Kiswahili kinabadilikia mbele. Ukikumbuka kwamba mteja aliandika kuhusu kulipa na ukatafuta "lipa", hutapata "tumeshalipa", "atalipa" wala "hawajalipa", kwa sababu kwa mashine hayo ni maneno mengine kabisa yanayoanza na t, a na h. Gmail nayo hutafuta maneno mazima, haichungulii katikati ya neno. Njia ya kutoka ni kuachana na vitenzi na kushika nomino: malipo, ankara, risiti, jina la mtu, namba ya kumbukumbu. Hata nomino ina wingi wake, kwa hiyo andika zote mbili, mkataba OR mikataba, na hiyo OR iwe kwa herufi kubwa. Kinyume chake, sheria za IMAP zinasema kutafuta ni kulinganisha kipande cha maandishi popote kilipo, hivyo seva inayofuata sheria hiyo itaipata "tumeshalipa" ukiandika "lipa". Kwa mwandishi wa Kiswahili, kichujio cha polepole cha Thunderbird wakati mwingine kina manufaa kuliko faharasa ya kasi.

Mafundi wanaohifadhi barua zao kama mafaili hukutana na kikwazo kingine. Tangu MIME, kanuni ya kubebea viambatisho na maandishi ya kila lugha, ilipoingia mwaka 1992, mwili wa barua unaweza kusafiri ukiwa umegeuzwa kuwa herufi za base64. Barua ambayo ndani yake kuna neno moja tu, mkataba, ndani ya faili itasomeka hivi:

bWthdGFiYQ==

Ukitafuta "mkataba" kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, hupati kitu, ilhali barua iko mbele yako. Wala usifikirie kukariri hizo herufi, kwa sababu likitanguliwa na maneno mengine hugeuka tena. Kwa mafaili ya aina hii tumia programu inayofungua barua kwanza ndipo iorodheshe. Notmuch, iliyoanzishwa na Carl Worth mwaka 2009 juu ya injini ya utafutaji ya Xapian, hufanya hivyo na humeza mamia ya maelfu ya barua bila kulalamika, ingawa inamtaka mtu asiyeogopa kuandika amri.

Viambatisho ni hadithi fupi na chungu. Karatasi iliyopigwa picha na kuwekwa ndani ya PDF ni picha. Isipokuwa kama kuna programu iliyoyatambua maandishi yake, utafutaji hauna cha kusoma isipokuwa jina la faili, na jina lenyewe ni scan0001.pdf. Barua iliyofichwa kwa PGP, mfumo wa kusimba barua, nayo haisomeki na seva, na hilo ndilo lengo lake. Kwa karatasi zilizopigwa picha kuna ujanja rahisi: ukipokea barua yenye kichwa kitupu na picha ya waraka muhimu, ijibu kwa sentensi moja yenye maneno utakayoyakumbuka. "Nimepokea mkataba wa bima ya gari, unaanza Januari 2024." Umemjibu mtu kwa adabu, na papo hapo umeiwekea faharasa kitu cha kushika.

Kuuliza vizuri

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Unatafuta mkataba wa matengenezo ya mashine za ofisini. Jina la aliyekutumia limekutoka. Unakumbuka kwamba ilikuwa PDF, kwamba ilikuja katikati ya mwaka 2021, na kwamba uliomba kifungu kimoja kibadilishwe.

Mtu wa kawaida ataandika "mkataba" na kupata mamia ya barua: matangazo, rasimu zake mwenyewe, mikataba ya watu wengine. Atapekua kurasa tatu kisha atachoka. Neno peke yake ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote ulio nao. Tarehe na aina ya faili vina nguvu zaidi, kwa sababu havitegemei mtumaji alichagua maneno gani. Kwenye Gmail:

(mkataba OR mikataba) filename:pdf after:2021/04/01 before:2021/09/01

Orodha sasa inafika ukurasa mmoja. Tuseme haimo. Usiongeze neno, punguza. Huenda mtumaji aliandika "makubaliano", au hakuandika chochote akaweka picha tu. Ondoa maneno yote mawili, bakiza filename:pdf na tarehe, kisha pekua kwa macho. Barua za PDF za miezi mitano si nyingi kiasi hicho.

Bado? Geuza upande. Maneno ya mtu mwingine huyakumbuki, yako unayakumbuka. Ulimwomba abadilishe kifungu, basi:

in:sent kifungu after:2021/04/01 before:2021/09/01

Jibu lako likitokea, lifungue, na barua ya mwanzo iko juu yake katika mazungumzo yaleyale. Ningetamani kila anayefundisha ofisi kutumia baruapepe aanzie hapa, kwenye folda ya zilizotumwa. Humo kuna barua chache kuliko kikasha, hakuna matangazo, na zote zimeandikwa kwa msamiati wa mtu anayezitafuta.

Alama nyingine zinazofaa kujua ni alama ya kutoa, inayoondoa kitu (mkataba -from:me huacha nje ulizotuma wewe), alama za kunukuu kwa maneno yanayofuatana, na larger:10M kwa barua nzito. Outlook ina msamiati wake, kwa mfano hasattachments:yes. Na karibu kila baruapepe duniani hubeba kitambulisho chake kiitwacho Message-ID kwenye vichwa vyake vilivyojificha. Mwenzako akikunakilia kitambulisho hicho, kwenye Gmail unaandika rfc822msgid: ikifuatiwa na kitambulisho chenyewe, na barua inajitokeza moja, hata ikiwa ndani ya milioni.

Je, folda hazina kazi?

Zina kazi, ila si ile tunayoidhania. Mwaka 1996 watafiti Steve Whittaker na Candace Sidner walieleza jinsi watu wanavyogawanyika: wanaopanga kila siku, wanaopanga kwa msimu kikasha kikiwashinda, na wasiopanga kabisa. Mwaka 2011 Whittaker na wenzake wa IBM waliwafuatilia watumiaji 345 na kukusanya zaidi ya vitendo 85,000 vya watu kuzirudia barua zao. Kuipata barua kwa kupitia folda kulichukua kwa wastani sekunde 58. Kwa kutafuta, sekunde 17. Wenye folda nyingi hawakufaulu zaidi ya wengine. Na hapo bado hujahesabu muda waliotumia kupanga.

Takwimu hizo nazisoma kwa tahadhari moja: zinapima kurudi kwenye barua unayojua ipo. Hazipimi kuona vitu vyote vya shughuli moja kwa pamoja, wala kumkabidhi mwenzako kazi. Kwa hilo folda ni nzuri mno. Mwanasheria anayeandaa kesi, mhasibu anayefunga mwaka, mtu anayeacha kazi wiki ijayo, wote wanahitaji rundo lililokusanywa kwa mkono, kwa sababu mashine haijui kwamba barua ya pole kutoka kwa jirani ni ushahidi katika kesi ya mpaka wa kiwanja. Wewe unajua. Hiyo ndiyo folda inayostahili kuwapo: ile inayobeba ujuzi ambao haumo ndani ya maandishi ya barua.

Kwa kipimo hicho folda nyingi zinaanguka. Folda ya mtu mmoja haina maana, jina la mtumaji linatafutika. Folda ya mwaka haina maana, tarehe inatafutika. Folda inayoitwa "Muhimu" ni kikasha cha pili kilichopewa jina la heshima, na "Mengineyo" ni cha tatu. Zikibaki kumi bila matawi ya ndani, unazo za kutosha.

Panapohitajika kuona kundi fulani daima, kuna kitu bora: utafutaji uliohifadhiwa. Outlook na Thunderbird zote zinakuruhusu kuhifadhi swali, kwa mfano barua zote za mteja fulani ambazo hazijasomwa, kutoka folda zote, na swali hilo linakaa upande wa kushoto likifanana na folda. Halina barua ndani yake, linaonyesha tu. Ila ukifuta barua ukiwa humo, umeifuta kwelikweli kule inakoishi. Wapo waliodhani wanasafisha kioo kumbe wanavunja vyombo.

Barua za mashine ni suala jingine: majarida, taarifa za benki, arifa za mifumo. Hizo zitoe machoni kwa kichujio, usizipange kwa mkono. Usichuje kwa anwani ya mtumaji, ambayo hubadilika kila wanapohama huduma. Barua nyingi za orodha hubeba kichwa kiitwacho List-Id, kilichosanifiwa mwaka 2001, na hicho hakibadiliki ovyo. Kwenye Gmail unakifikia kwa list:.

Mazungumzo pia hupangika yenyewe iwapo watu hawayaharibu. Kila jibu hubeba, ndani ya vichwa vya In-Reply-To na References, Message-ID ya barua inayojibiwa, na programu huunganisha mnyororo kwa hizo. Kinachoharibu ni mazoea ya kutafuta barua ya zamani ya mtu, kubonyeza "jibu" ili usitafute anwani yake, kisha kuandika jambo jipya kabisa. Jambo hilo jipya linazikwa chini ya kichwa cha "Re: Mwaliko wa kikao", na hakuna atakayelifukua. Jambo jipya, barua mpya.

Rundo lenyewe

Ukiwa na elfu arobaini tayari, usianze na ya kwanza. Anza na nzito: larger:10M huleta orodha fupi inayobeba sehemu kubwa ya nafasi yako. Base64 huvimbisha kiambatisho kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo faili la megabaiti 15 lilikula 20. Kisha, kama programu yako inaruhusu, panga kwa mtumaji, na watumaji wa mashine watajipanga makundi makundi. Wafute kwa maelfu. Angalia tu kwamba kuweka tiki juu ya orodha ya Gmail huchagua ukurasa unaouona, si zaidi, mpaka ubonyeze maneno yanayojitokeza ya kuchagua yote yanayolingana na utafutaji. Kinachobaki chenye umri wa zaidi ya mwaka, kitoe chote kwenye kikasha kwa pamoja, kiende kwenye kumbukumbu, bila kusoma. Hakuna kinachofutwa, na bado kinatafutika.

Wanaotumia Thunderbird wataona diski haipungui baada ya kufuta. Kwa kawaida huhifadhi kila folda kama faili moja la mbox, barua zikifuatana kama aya, na kufuta huweka alama tu. Ni lazima folda ishindiliwe ndipo nafasi irudi. Mafaili ya PST, ambamo Outlook za kale zilitunza barua, yalikuwa na hatari mbaya zaidi: kabla ya toleo la 2003 hayakuweza kuzidi gigabaiti 2, na lililofika hapo liliharibika. Ukiwa na mafaili ya enzi hizo kwenye diski ya zamani, yafungue na uyahamishie kwingine mapema.

Na katika kuhama ndimo unamojificha mtego wa mwisho. Kila barua ina tarehe mbili: ile iliyoandikwa na mtumaji, na ile ambayo seva ilirekodi barua ilipoingia kwake. Amri ya IMAP ya kutafuta kwa tarehe, SINCE, hutumia ile ya pili. SENTSINCE hutumia ya kwanza. Zana ya kuhamishia barua isiyojali hilo huziingiza barua za miaka kumi zote zikiwa na tarehe ya siku ya kuhama. Kwenye orodha zinaweza kuonekana sawa, ila ukitafuta za mwaka 2016 hutapata hata moja. Kwa hiyo hamisha folda moja ndogo kwanza, tafuta ndani yake kwa tarehe unayoijua, na ukiipata barua ndipo uruhusu zilizobaki. Akaunti ya zamani usiifunge siku hiyohiyo.